Mkulima wa hempu apimwe kwa anachouza

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kilimo cha hempu, mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, ilipewa kichwa kinachosema "bangi ya viwandani", na pembeni yake mkaweka picha ya msokoto unaofuka moshi. Naandika kwa sababu fikra iliyo nyuma ya picha ile imeshanigharimu. Mimi ni fundi ujenzi. Magunia ya chembe za mabua ya hempu tuliyoagiza kwa ajili ya kujengea kuta yalishikiliwa bandarini wiki tatu, kisa ofisa mmoja aliona neno Cannabis, jina la kisayansi la bangi, kwenye nyaraka. Hakuna aliyefungua hata gunia moja. Wangefungua wangekuta kitu kama maranda ya seremala: vipande vyeupe, vikavu, visivyo na jani wala ua.

Lugha nayo inatuponza. Kamusi zitakupa neno katani, lakini ukimtajia mtu katani anafikiria mkonge, ambao ni mmea mwingine kabisa. Ukisema bangi anafikiria polisi. Bora tuite hempu tuelewane.

Ni kweli kwamba hempu na bangi ya kuvuta ni spishi moja, Cannabis sativa, na sitaki kulificha hilo. Kinachozitenganisha ni kiasi cha THC, kemikali inayolevya. Bangi inayouzwa siku hizi mara nyingi huwa na THC zaidi ya asilimia 15, wakati hempu katika nchi nyingi hairuhusiwi kupita asilimia 0.3. Kwa kiwango hicho haimlevyi mtu.

Chukua bua la hempu lililolazwa shambani likanyeshewa na umande mpaka utomvu unaogandisha nyuzi ukaoza. Likikauka, livunje kwa mikono. Ganda linabanduka kwa utepe mrefu ambao utauvuta mpaka vidole vikuume na usikatike. Huo ndio uliosokotwa kamba za merikebu na kufumwa matanga kwa karne nyingi. Hata neno la Kiingereza canvas, yaani turubai, limetokana na jina la mmea huu. Leo nyuzi hizohizo hutengeneza nguo, karatasi na mbao za ndani ya milango ya magari. Mbegu zake zina mafuta karibu asilimia 30 na protini karibu asilimia 25, na hazilevyi.

Ndani ya ganda hubaki kiini cheupe chepesi, na hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Unakichanganya na chokaa na maji, unakimwaga kati ya mbao zilizosimamishwa na kukishindilia taratibu. Ukishindilia sana, unaua hewa iliyomo, na hewa ndiyo inayozuia joto na baridi. Ukuta huu haubebi paa, lazima uwe na fremu ya mbao, na huchukua wiki kadhaa kukauka. Lakini ukikauka unapitisha unyevu bila kuota ukungu, hauliwi na wadudu kirahisi, na ni mwepesi kuliko zege kwa mbali. Nimeujenga kwa mikono yangu, na sioni sababu ya mtu kuuogopa.

Sasa sheria. Wengi wanaamini kwamba mikataba ya kimataifa inakataza mmea huu, na makala yenu ilidokeza hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ibara ya 28, unasema wazi kwamba hauhusu kilimo cha mmea huu kinapokuwa kwa madhumuni ya viwanda pekee, yaani nyuzi na mbegu. Ufaransa haikuwahi kuacha kuulima. Uingereza ilianza tena kutoa leseni 1993, Ujerumani ikafuata 1996 na Kanada 1998. Marekani iliubana kwa kodi mwaka 1937, ikawahimiza wakulima waulime mwaka 1942 Wajapani walipoziba njia ya nyuzi za Ufilipino, ikauweka kapu moja na bangi mwaka 1970, kisha ikautoa humo Desemba 2018. Mmea ulikuwa uleule muda wote huo.

Hiyo asilimia 0.3 nayo ilitoka wapi? Mwaka 1976 wataalamu wawili wa mimea, Ernest Small na Arthur Cronquist, walihitaji mpaka wa kugawa spishi hii katika makundi. Wakachagua 0.3, na wenyewe wakaandika kwamba wamechagua tu. Tena walipima majani machanga. Leo Marekani inapima ncha za maua, mahali ambapo THC hujikusanya zaidi, na sampuli huchukuliwa ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna. THC huongezeka kadiri ua linavyokomaa, kwa hiyo mkulima aliyechelewa siku chache kwa sababu ya mvua anaweza kujikuta amevuka mstari. Uswisi imeweka asilimia 1, na Umoja wa Ulaya ulipanda kutoka 0.2 hadi 0.3 mwaka 2023. Namba hizi ni maamuzi ya watu, na zinaweza kuamuliwa upya.

Linaloniuma ni mkulima wa nyuzi. Yeye anauza bua; maua si bidhaa yake. Halafu anahukumiwa kwa maua hayo! Kanuni za Marekani za 2021 zimeanza kuliona hili, kwani zinaruhusu mazao yaliyozidi kipimo yaokolewe kwa kuteketeza maua na kubakiza mabua. Nchi zinazoandika sheria zao sasa zianzie hapo: mbegu ziwe za aina zilizosajiliwa, shamba lijulikane, na anayeuza mabua na mbegu aangaliwe kwa mabua na mbegu zake.

Upande wa pili nao una haki yake. Wapo waliochukua CBD, kemikali ya hempu isiyolevya, wakaigeuza kiwandani kuwa delta-8, aina ya THC inayolevya, wakaiuza kwenye peremende zenye rangi za kuvutia watoto. Hao wabanwe, tena kwa ukali. Lakini wabanwe kiwandani na dukani, kwa kupima kile kilichomo kwenye pakiti. Mkulima wa kamba hakuitengeneza ile peremende.

Makala ijayo ikihitaji picha, ninazo za ukuta mmoja tangu siku tulipoanza kushindilia mpaka ulipopigwa lipu ya chokaa. Nitawatumia bila malipo.

Fundi ujenzi,
msomaji wenu