Python ni ya bure, bando ndio linatumaliza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Humu gazetini naona makala nyingi za vijana na kompyuta, mara kozi za kuandika programu, mara akili mnemba, yote mazuri, ila sijaona mtu akigusa pale wanafunzi wengi wanapokwamia, maana wanakwama hata mstari wa kwanza hawajauandika. Wanakwama kwenye kuinstoli. Mimi nafundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Morogoro na huwa naona kabisa mtu anakuja ana moto, wiki ya pili humuoni.

Python haina tajiri wake. Guido van Rossum aliitoa 1991, sasa hivi inatunzwa na watu wa nchi mbalimbali na wengi wao wanajitolea tu. Kuiweka yenyewe kwenye laptopu sio shida, balaa liko kwenye pakeji za nje, yaani vifurushi vya nyongeza, kama NumPy na SciPy za hesabu na sayansi, kwa sababu ndani yake kuna lugha nyingine, C, na SciPy kwa miaka mingi imekuwa na mpaka Fortran. Zamani pakeji ilikuwa inakuja mbichi halafu laptopu yako ndio iipike, sasa Windows ya mwanafunzi kompaila, yaani programu ya kufanya huo upishi, itoe wapi, unapata maandishi mekundu skrini nzima na ukiyasoma mpaka chini unaambiwa ukashushe kompaila ya C++, ambayo nayo ni magigabaiti.

Kwa miaka mingi aliyeokoa watu wa Windows alikuwa mtu mmoja, Christoph Gohlke, wa maabara moja ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Alikuwa anazikompaili mwenyewe halafu anaziweka kwenye ukurasa usio na pambo lolote, orodha ndefu tu ya mafaili, unachagua lako unashusha unaendelea na maisha. 2022 ufadhili wa maabara ukaisha, na huduma nayo ikasimama. Hebu fikiria, watu wa dunia nzima walikuwa wamemuegemea jamaa mmoja!

Bahati nzuri watengenezaji wengine wa Python walikuwa hawajalala. Walishakubaliana aina ya faili inayoitwa wheel, yaani pakeji inakuja imeshakompailiwa, na tangu Python 3.4 ya 2014 ile pip ya kuinstolia inakuja humo humo, huitafuti tena. SciPy ndio ilisumbua zaidi kwa ajili ya hiyo Fortran, watu wa Windows walisubiri mpaka toleo la 1.0, Oktoba 2017, ndipo wakapata wheel rasmi. Mwaka uliofuata PyPI, ghala ambalo pip inachukulia mafaili, likajengwa upya, na mzigo wa kuyasambaza unabebwa na mtandao wa Fastly bila malipo. Kwa hiyo leo unaandika pip install scipy, unasubiri, imekwisha.

Ila hiyo imekwisha ni ya mwenye intaneti ya waya. Kwetu unakuta darasa la watu 40 kila mtu anashusha faili lile lile kwa bando lake, SciPy peke yake inapita megabaiti 30, na wakifika PyTorch, pakeji ya akili mnemba, ile ya Linux yenye mambo ya GPU (chipu ya michoro) hapo ni zaidi ya gigabaiti moja kwa kichwa. Wale jamaa wameshamaliza sehemu yao bure, sisi tunashindwa kuweka kopi moja chumba cha jirani?

Na sio kazi ngumu. Kuna programu inaitwa devpi, unaiweka kwenye mashine yoyote ya labu, wa kwanza akiomba pakeji inaifuata nje na kubaki na kopi, wa pili anaipata hapo hapo bila bando. Hata hiyo ukiona nzito, tumia pip download, ujaze flashi, wanafunzi wainstoli kutoka kwenye folda kwa kuongeza --no-index na --find-links kwenye amri ya pip install. Cha kuangalia ni majina ya mafaili. Likiandikwa cp312 ni la Python 3.12, ukimpa mwenye 3.13 linakataa, kwa hiyo darasa zima liwe na toleo moja. Na kama mashine ya kushushia ni Linux halafu wanafunzi wana Windows, ongeza --platform win_amd64 na --only-binary=:all: la sivyo utajaza flashi mafaili ambayo hakuna atakayeyatumia.

Chuo kimoja ninachokijua waliambiwa jambo hili halimo kwenye bajeti. Bajeti gani jamani, wakati kompyuta zimerundikwa stoo zinaliwa na vumbi! Wataalamu tunao, DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watu wa Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, vijana wa namna ile ukiwaita Jumamosi moja wanakufungia seva na chai wanajinunulia wenyewe. Na nyie wa mitandao ya simu, mbona bando za kuchati mnaweza kuziuza kwa bei ya chee, PyPI inawashinda nini?

Sisi hapa tunasubiri mkuu wa idara asaini fomu ya kutoa mashine moja stoo. Akisaini tu, chuo chochote cha Morogoro kije na flashi, tutawajazia.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro