Kadi ya krediti, friji na unga

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tulio na hizi kadi za krediti. Mtu akilipia supamaketi, petroli, tiketi ya ndege, halafu stetimenti ikifika analipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, huyo halipi riba hata shilingi, benki nyingi hapa Kenya humpa hadi siku 45 au 50 hivi bila riba. Huyo kadi inamfaa kweli.

Mimi sikuwa huyo. Nilinunua friji ya 40,000, stetimenti ikaja imeandikwa nilipe angalau 4,000, nikalipa hiyo 4,000 nikaona niko sawa, kumbe zile 36,000 zilizobaki zinavuta riba asilimia 3 kwa mwezi, yaani 1,080, na bado naendelea kuswaipu unga na maziwa juu yake. Ule unga tuliusonga ugali ukaisha, deni lake likabaki pale pale! Na hili watu wengi hawaelezwi vizuri, ukitoa keshi kwa ATM na hiyo kadi unakatwa ada halafu riba inaanza siku hiyo hiyo.

Mabenki yetu tafadhali, andikeni wazi kwa stetimenti kwamba mtu akilipa kile kiwango cha chini peke yake, deni litaisha baada ya miaka mingapi. Marekani wana sheria ya 2009 inayolazimisha hivyo. Sisi tunashindwa na nini jamani?

Msomaji wenu,
Nairobi