Barua ya wazi kwa vijana wa vyama vya mijadala Nairobi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu kwa heshima. Nafurahi kuona mnavyojadili kodi, ajira na uchaguzi bila woga, na kwa sababu hiyo nawaomba mwongeze suala moja ambalo wengi wenu hudhani ni la nchi za mbali: je, serikali ina haki ya kumlazimisha mtu kwenda vitani, na ni nani anayestahili kuwapo katika kikao kinachoamua jambo hilo? Suala hilo liliwahi kujadiliwa hapa hapa Nairobi, na waliobeba mzigo mzito zaidi wa uamuzi wake ni babu zetu, ambao hawakualikwa kikaoni.

Mnamo Septemba 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walowezi wa Kizungu walikusanyika katika ukumbi wa Theatre Royal, kwenye barabara ambayo leo tunaiita Kenyatta Avenue, wakamsikiliza Ewart Grogan, mmoja wa viongozi wao, akiwahimiza wakubali kuandikishwa kwa lazima ili wapigane na Wajerumani waliotawala upande wa pili wa mpaka. Walowezi wale walikuwa wachache, lakini walijua thamani ya kile walichokuwa wakikitoa. Serikali iliunda Baraza la Vita na kuwapa viti ndani yake, na kuanzia hapo madai yao ya wawakilishi wa kuchaguliwa, ya ardhi na ya vibarua yakazidi kupata nguvu. Walikubali kulazimishwa, ila kwa masharti yao.

Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuwachukua Waafrika kwa lazima wawe wapagazi wa jeshi, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeulizwa, kwa kuwa Baraza la Kutunga Sheria halikupata mjumbe Mwafrika hadi 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Machifu walitajiwa idadi ya wanaume wa kutoa, na namna ya kuwapata wakaachiwa wenyewe. Ninyi mnaweza kukisia ni mtoto wa nani aliyetangulia kukamatwa. Mwaka 1917, John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, alipokabidhiwa kazi ya kuwakusanya, msako ulienea karibu kila wilaya iliyofikika. Watu wale walitembea hadi kusini mwa Tanganyika wakiwa na mizigo ya takriban kilo 25 vichwani, wakila unga usioiva vizuri, na waliouawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa pale Kariokor, mnakokwenda kununua vyondo na kula nyama choma. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Na waliorudi walipata nini? Mwaka 1919 ulianzishwa mpango wa kuwagawia mashamba askari wa zamani, ukawahusu Wazungu peke yao. Mwafrika aliyetoka vitani alivishwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni. Hili ndilo ninalotaka mlitazame kwa makini kuliko yote: mjadala wa kuandikisha watu vitani ni mjadala wa malipo pia, na asiyekuwapo wakati masharti yanapowekwa hulipwa kwa kusahauliwa.

Someni pia yaliyotokea kwingine, maana huko watu waliweza kukataa hadharani. Uingereza ilipopitisha sheria ya kuandikisha kwa lazima mnamo Januari 1916, iliweka kifungu cha wanaokataa kuua kwa sababu ya dhamiri, ingawa mabaraza yaliyowasikiliza yalikuwa makali, na wakataaji 35 waliopelekwa Ufaransa walihukumiwa kifo kabla ya adhabu yao kubadilishwa kuwa kifungo. Australia iliwauliza wananchi kwa kura mara mbili, 1916 na 1917, na mara zote mbili wakakataa, hata askari wao wakaendelea kuwa wa kujitolea hadi mwisho wa vita.

Msiisome historia hii mkiwa mmekwisha kuamua. Wanaotetea uandikishaji wa lazima wana hoja nzito: jeshi la kujitolea hujazwa na watoto wa maskini, na taifa linalovamiwa haliwezi kusubiri kila mtu ajisikie kwenda. Ukraine ilibishana kwa miezi mingi kabla ya kushusha umri wa kuandikishwa kutoka 27 hadi 25 mnamo Aprili 2024, huku adui akiwa tayari ndani ya mipaka yake. Na vita hivyo havipo mbali nanyi: wapo vijana wa Kenya waliokwenda Urusi kwa ahadi ya kazi nzuri wakajikuta mstari wa mbele wakiwa na bunduki mikononi. Umaskini nao unaweza kumlazimisha mtu bila sheria yoyote kutungwa, na hilo nalo lijadilini.

Leo jeshi letu ni la kujitolea. Katiba ya 2010 inakataza kazi ya kulazimishwa katika Ibara ya 30, inalinda dhamiri katika Ibara ya 32, na katika Ibara ya 95 inalitaka Bunge la Kitaifa liidhinishe tangazo la vita. Ibara hizo hazijawahi kupimwa na vita vikubwa. Kwa hiyo naomba muhula ujao chama kimoja kiandae hoja hii na kuitetea pande zote mbili: iwapo Bunge litaletewa mswada wa kuandikisha vijana kwa lazima, je, Ibara ya 30 itauzuia, nani atasikiliza ombi la anayekataa kwa dhamiri yake, na vijana wenyewe watasikilizwa wapi kabla ya kura kupigwa? Nikialikwa nitakuja kusikiliza.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia, Nairobi