YAH: SETI YA TANGI LA AKSOLOTLI MLIYONIUZIA

Kwa Meneja Mauzo,
Maskati.

Assalaam alaykum.

Nalalamikia ile "seti kamili ya aksolotli", yaani tangi na vifaa vya kumfugia mnyama huyo wa majini, niliyonunua dukani kwenu mwezi Mei. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichopatania bei na kijana wenu wa mauzo, akaniapia kwamba kila kilichomo kwenye boksi kinamfaa mnyama huyu.

Ndani ya boksi mlikuwa na hita, tena imewekwa nyuzi 26! Aksolotli ni salamanda (mnyama mwenye mkia, jamaa ya chura) wa maji baridi. Kwao ni Xochimilco, Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na anastawi kwenye nyuzi 16 hadi 18. Hapa Maskati kiangazi hata maji ya bomba hutoka moto, sasa hita ya nini? Kinachotakiwa ni mashine ya kupozea maji, nanyi mnayo rafuni, ila hakuna aliyeitaja. Nilipopiga simu nikaambiwa niweke feni juu ya tangi. Feni hupoza maji kwa kuyafanya yawe mvuke, na kwa unyevu wa pwani yetu mwezi Julai haikushusha kitu cha maana.

Changarawe zenu za rangi nazo ni ndogo kama dengu. Aksolotli hatafuni. Hupanua kinywa ghafla akafyonza mnyoo pamoja na chochote kilicho jirani. Wangu alianza kukunja matamvua, yale mashavu yake ya kupumulia, kuelekea mbele, akasusa kula, kisha akawa anaelea mkia juu. Daktari alimpiga eksirei na mawe yakaonekana waziwazi tumboni. Yu hai, lakini anaishi kwenye beseni chumba cha kiyoyozi.

Isitoshe, nilipokuja kulalamika niliona mmewachanganya aksolotli na nyuti wa tumbo jekundu, aina nyingine ya salamanda. Nyuti hao wana sumu ngozini, na aksolotli hung'ata kila kinachompitia. Tena nyuti wa Asia kama hao huweza kubeba kuvu inayoua salamanda wengine, wenyewe wakionekana wazima. Ni kwa hofu ya kuvu hiyo Marekani ilizuia kuingiza jenasi (makundi ya spishi) 20 za salamanda mwaka 2016. Watenganisheni leo hii.

Nataka mnirudishie fedha za seti nzima pamoja na gharama za daktari, na hita na changarawe zitolewe kwenye maboksi yaliyobaki. Nisipopata jibu la maandishi kufikia mwisho wa wiki ijayo, nitalipeleka suala hili kwa wanaoshughulikia haki za mlaji.

Wasalaam,
Mteja wenu