YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI LA HAIBRIDI LILILOLIWA NA CHUMVI YA THELUJI

Mwanga, Kigoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji wa Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mazao hapa Kigoma. Nilinunua gari kwenye yadi yenu ya Dar es Salaam, SUV ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota za umeme, inayosukuma magurudumu yote manne, iliyotumika Japani. Bei mliyotaja niliilipa yote, na mkataba na risiti ninavyo. Naandika kuwadai mlitengeneze gari hilo kwa gharama zenu, na vilevile muache kuwauzia watu wa mikoa ya huku magari kwa maneno mliyoniuzia mimi.

Maneno yenyewe ni haya. Kabla sijalipa mlinitumia video ya gari la aina hiyo likipanda mlima uliofunikwa na theluji, halitelezi wala halisiti. Kijana wenu wa mauzo akaniambia, "Mama, gari lililoishinda theluji ya Hokkaido, tope la Kigoma kwake ni vumbi tu." Nilimweleza kwamba kazi yangu iko Kalinzi na kwenye barabara za ndani za Buhigwe, na kwamba mvua kwetu zikianza Novemba huendelea mpaka Aprili. Nikamuuliza gari litafanyaje kwenye udongo mwekundu uliolowa. Akanijibu theluji. Nikamuuliza tena habari ya kupanda na mzigo, akanijibu theluji.

Mwezi Machi, kwenye mlima nje kidogo ya Kalinzi, nikiwa nimepakia viroba vya maharage, taa ya onyo iliwaka kwenye dashibodi na magurudumu ya nyuma yakaacha kabisa kusukuma. Ya mbele yakabaki yanazunguka palepale na kujichimbia. Vijana wa pale kijijini ndio walionitoa, kwa kamba na majembe, mvua ikiwanyeshea. Niliwalipa kwa kazi ambayo nilikwisha kuwalipa ninyi.

Naomba muelewe kilichotokea, maana nyaraka zenu hazigusi jambo hili hata kwa mstari mmoja. Gari hili halina propela ya kupeleka nguvu nyuma kama fowili tulizozizoea. Magurudumu ya nyuma yana mota yao ya umeme, na mota hiyo inalishwa na kebo nene ya rangi ya chungwa inayopita chini ya gari. Fundi wangu wa Mwanga alipolipandisha gari juu, aliona plagi ya kebo hiyo upande wa mota imeota ukoko wa kijani na mweupe. Hakuigusa, na alifanya vizuri, kwa sababu umeme wa pale ni wa mamia ya volti na unaua. Nililazimika kumleta fundi wa haibridi kutoka Mwanza, nikamlipia nauli, malazi na kazi. Ripoti yake inasema plagi imeoza kwa chumvi, na kwamba huo si uharibifu wa msimu mmoja wa mvua za Kigoma. Huku chumvi haimwagwi barabarani, na maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu.

Chumvi hiyo imetoka kwenye theluji mliyoisifia. Mji wa Sapporo, ulioko Hokkaido, hupata theluji ya karibu mita 5 kwa mwaka ukijumlisha yote inayoanguka. Ili barabara zisigeuke barafu, humwagiwa chumvi ya kawaida na aina nyingine ya chumvi iitwayo kloridi ya kalisi. Gari likipita, maji hayo ya chumvi hurukia chini, yakaingia kwenye maungio ya bodi, kwenye paipu za breki na kwenye plagi. Kloridi ya kalisi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo mahali ilipojificha hapakauki upesi. Kwenye baridi kali kutu hutembea polepole. Mkilileta gari hilo kwenye joto na unyevu wetu bila kuliosha sawasawa chini, kutu inaongeza mwendo. Tatizo hili la kebo linajulikana duniani. Kanada, nchi nyingine ya theluji na chumvi, wamiliki wa aina mojawapo ya SUV za haibridi walilalamika kuhusu kebo ya mota ya nyuma kuoza namna hiihii, mpaka mtengenezaji akarefusha dhamana ya sehemu hiyo. Kampuni inayoishi kwa kuagiza magari haya ina wajibu wa kuchungulia hapo kabla ya kuliandika gari "safi, halina tatizo".

Kuna karatasi ya mnada pia. Magari ya mnada Japani huja na karatasi yenye alama ya daraja na mchoro wa gari. Herufi S kwenye mchoro ni kutu, herufi C ni chuma kilicholiwa, na mkaguzi akikuta kutu chini ya gari huiandika. Niliiomba karatasi hiyo kabla ya kulipa, nikaambiwa italetwa pamoja na kadi ya gari. Kadi ilikuja peke yake. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine yote, kwa sababu kutu ingeweza kuwa bahati mbaya ya kila mtu, lakini karatasi iliyoombwa na haikutolewa, mtu aliamua isitolewe. Na chini ya gari kulipakwa rangi nyeusi mpya. Fundi alipoikwangua, chuma kilibanduka kama maganda ya kitunguu. Paipu mbili za breki zimeliwa kiasi kwamba anakataa lirudi barabarani kabla hazijabadilishwa. Nimekuwa nikiteremka nalo milima ya Manyovu likiwa na abiria.

Hata kebo ingekuwa nzima, theluji haikuwa jibu la swali langu. Tairi la theluji lina raba laini na mikato mingi myembamba. Theluji hujaa kwenye mikato hiyo na kushikana na theluji ya chini. Udongo wetu ukijaa humo, tairi linakuwa kama kipara na halina tena cha kushikia. Raba ile imetengenezwa kwa baridi ya nyuzi 7 kushuka chini, baridi ambayo mjini Kigoma hatuifikii hata usiku wa Julai, kwa hiyo kwenye lami yetu yenye joto inalika haraka. Mlinikabidhi gari na matairi hayohayo, mkaniambia ni mazuri zaidi kuliko ya kawaida.

Kwenye theluji gari la namna hii linasifika kwa haki. Mota inatoa nguvu kidogo kidogo, kompyuta inayazuia magurudumu yasizunguke ovyo, na gari linaondoka taratibu. Kwenye tope zito mambo yanageuka. Kompyuta ileile ikiona gurudumu linateleza inakata nguvu, wakati dereva anahitaji gurudumu lizunguke lijisafishe. Kuna kitufe cha kuzima ulinzi huo gari linapokwama, na kitabu cha gari kinakitaja. Kitabu nilichopewa ni cha Kijapani, na hakuna mtu wenu aliyenionyesha kitufe hicho. Mota ya nyuma nayo ni msaidizi. Ikivutishwa mzigo mlimani kwa muda mrefu inapata joto, na mfumo unaipunguzia kazi ili isiungue. Mngeniambia hayo ningechagua gari lenye propela na difu ya kufunga, inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja, na mlikuwa nayo palepale yadini.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mimi nilieleza matumizi yangu kwa kinywa na kwa ujumbe wa simu ambao bado ninao, ninyi mkanihakikishia.

Kwa hiyo nataka kebo na plagi ya mota ya nyuma zibadilishwe kwa vipuri vipya, paipu zote za breki pia, na fundi aliyefunzwa umeme wa haibridi, gharama za kulisafirisha gari kutoka Kigoma zikiwa juu yenu. Nataka nirudishiwe nilichomlipa fundi wa Mwanza, na mnipe matairi yanayofaa. Nataka karatasi halisi ya mnada pamoja na tafsiri yake. Ikiwa chesisi itakutwa imeliwa kiasi cha kutotengenezeka, nirudishiwe fedha zangu zote. Na ile video iondoeni kwenye matangazo mnayowatumia wateja wa Kigoma, Tabora na Katavi, maana najua kuna wengine wanaoitazama sasa hivi huku wakihesabu fedha zao.

Nimeambatanisha mkataba, risiti, ripoti ya fundi, picha za chini ya gari na nakala za mazungumzo yetu. Gari liko gereji hapa Mwanga na halitaguswa mpaka mtu wenu alione. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mnunuzi,
Mwanga, Kigoma.