Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza kuingiza makala (mkaa wa kupikia) Lubumbashi kwa baiskeli

Vijana wangu,

Nawaona mkiteremka kuingia mjini, magunia matatu mgongoni mwa baiskeli, mguu mmoja mmeupachika nyuma ya uma wa mbele, sandali inasugua tairi na kunuka mpira ulioungua. Walio kando ya njia wanashangilia: huyo fundi! Fundi gani? Baiskeli haina freni, na mwenyewe anajisifu kwa hilo.

Hebu tupige hesabu. Magunia matatu ya kilo 40 ni kilo 120. Weka mwili wako, weka chuma chenyewe, umeshapita kilo 200. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka inakula mita 8 kabla hujagusa chochote. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama tangu ubane freni inaongezeka mara nne. Sandali itakusaidia nini hapo? Ikilowa, inateleza. Ikikauka, inashika ghafla. Mkanda wake ukinaswa na spoki, gurudumu la mbele linasimama papo hapo, wewe unaruka juu ya usukani, na makala yanakufuata mgongoni.

Hizi baiskeli nyeusi za freni za fimbo ni nzuri kwa kazi, mradi uzitunze. Fimbo inavuta vipande viwili vya mpira vibane rimu kwa ndani. Kati ya mpira na rimu iache nafasi ya milimita 2 au 3, si zaidi. Vyote viwili viguse rimu kwa wakati mmoja, na kisiwepo kinachogusa tairi. Mpira ukiisha, chuma kinaanza kuikwangua rimu. Usingoje mpaka huko. Na ile tabia ya kukata kipande cha tairi kuukuu na kukifunga mahali pa mpira wa freni, acheni. Kimekauka, hakishiki rimu ya chuma, na kikichomoka kinaingia kwenye spoki.

Kila asubuhi kabla ya kufunga mzigo, bana freni ya nyuma kwa nguvu na usukume baiskeli mbele. Gurudumu likiendelea kuzunguka, huna freni. Mshiko ukifika kugusa usukani, huna freni. Fanya vilevile kwa mbele. Halafu funga mzigo, urudie tena, kwa sababu gunia la katikati likikaa vibaya linaikandamiza fimbo inayokwenda nyuma, na freni iliyokuwa nzima inakufa bila wewe kujua. Nati za fimbo zinalegea kwa mitikisiko ya mashimo, zikazwe kila wiki.

Kwenye mteremko, punguza mwendo juu kabisa, kabla baiskeli haijashika kasi. Anza na freni ya nyuma, ongeza ya mbele polepole, kaa nyuma kwenye kiti. Kama unatembea kando yake na mzigo na freni haziisimamishi ndani ya hatua tatu, mteremko huo ushuke kwa miguu. Hakuna aibu. Mvua ikinyesha, rimu ya chuma ikilowa karibu haishiki kitu. Gusa freni kidogo kidogo gurudumu lizunguke mara kadhaa ikauke, ndipo ubane. Mvua za kwanza, Oktoba na Novemba, ndizo mbaya zaidi: mafuta na vumbi la kiangazi kizima vinageuka utelezi juu ya lami.

Na ninyi mnaowakodishia watoto wa watu baiskeli zisizo na freni, barua hii ni yenu pia. Kodi ya siku hamsamehei hata mtoto akiugua, lakini vipande vinne vya mpira mnasema ni gharama. Akivunjika bega, mnatafuta mwingine. Sisi wa mjini tunapika kwa makala hayo, tunalalamika yamechelewa, hatuulizi yamefikaje.

Sasa malori. Mengi ya njia ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, yanatoka Zambia, Tanzania, Afrika Kusini, nchi ambako watu wanapita kushoto. Usukani wao uko kulia. Huku kwetu tunapita kulia, basi dereva amekaa upande wa ukingo, na akitaka kulipita lori la mbele hawezi kuchungulia. Lazima kichwa chote cha lori kitoke kwanza katikati ya njia. Ndiyo maana linakutokea usoni bila onyo. Ukiona mawili yanakuja yamegandana, hesabu kwamba la nyuma litatoka. Punguza mwendo, sogea nje mapema.

Ila lami imeliwa kando, na huko ndiko wengi wanakoanguka. Gurudumu likishashuka kwenye udongo, usijaribu kulirudisha kwa mshazari: ukuta wa lami unaliminya tairi, na wewe unalala katikati ya njia, lori likiwa nyuma yako. Simama, shuka, inua. Waliojenga barabara hawakufikiria baiskeli, na watu wa makala hawakuanza jana.

Reli za treni zikate moja kwa moja, si kwa mshazari, au tairi litazama kwenye ufa. Usishike mkia wa lori kupanda mlima. Dimbwi usiloona chini yake, lizunguke. Pita kama mita moja kutoka kwenye magari yaliyosimama. Mlango ukifunguka hauna honi. Usiku, taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma, na hicho kiakisi kifungwe juu ya gunia la mwisho, maana kilicho kwenye madigadi kimeshafunikwa na mzigo.

Aliyeanza jana asibebe mzigo leo. Nenda uwanja mtupu, jifunze kusimama, jifunze kutazama nyuma bila usukani kuyumba. Kiti ukiweke chini kiasi kwamba nyayo zinafika ardhini. Kisha gunia moja, siyo matatu.

Mtoto hapakiwi nyuma miguu ikining'inia. Kisigino kinaingia kwenye spoki na ngozi inatoka na nyama. Funga wavu kwenye gurudumu, mwekee pa kukanyagia, au atembee.

Kaske, yaani kofia ngumu ya kukinga kichwa, ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubakishe nafasi ya kidole kimoja chini ya kidevu. Ikishapigwa chini mara moja kwa nguvu, haifai tena, hata kama huoni ufa.

Mtu akianguka na kulalamika shingo, msimwinue kwa mikono na miguu kama gunia. Zuieni magari, mshikeni kichwa kisitikisike, tafuteni msaada. Kidonda kinachovuja damu kikandamizwe kwa kitambaa safi. Kikitulia kioshwe kwa maji safi na sabuni, siyo petroli. Aulize kituo cha afya kuhusu sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Na aliyepiga kichwa, hata akisema yuko sawa, asirudi njiani siku hiyo wala asiachwe peke yake usiku. Akianza kutapika, kusinzia ovyo au kuchanganya maneno, apelekwe hospitali mara moja, makala yabaki hapo hapo.

Mzee wenu wa Katuba