Malalamiko: betri za kamera orijino na mbadala kuuzwa katika droo moja

Wapiga picha wa harusi na utalii,
Unguja na Pemba

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la vifaa vya picha,
Mjini Unguja

Ndugu Meneja,

Assalaam aleikum.

YAH: BETRI ZA KAMERA ZINAZOUZWA DUKANI KWENU MJINI NA TAWI LENU LA CHAKE CHAKE

Tunakuandikieni kuhusu betri sita tulizonunua kwenu mwezi uliopita. Nne ni mbadala, yaani si za kampuni ya kamera yenyewe, za aina ya LP-E6 inayotumika katika kamera za Canon, zimeandikwa mAh 2650 (mAh ndiyo kipimo cha chaji ambayo betri inashika). Mbili ni LP-E6NH, toleo jipya zaidi la aina hiyo hiyo, tulizouziwa kuwa ni orijino za Canon, na kwa bei ya orijino. Zote sita tunakurejesheeni pamoja na barua hii, kila moja imefungwa peke yake na shaba zake (vile vipande vya kupitishia umeme) zimezibwa kwa utepe. Risiti yenu imeandika "betri 6", basi, hakuna jina la mtengenezaji wala aina.

Kuuza betri mbadala si kosa, na hilo silo tunalolalamikia. Betri mbadala nzuri zipo. Anayepiga picha za wageni ufukweni Nungwi au Paje, picha mia mbili kwa asubuhi kisha anarudi nyumbani, hana sababu ya kulipia orijino kwa kila betri ya akiba. Orijino moja ndani ya kamera na mbadala mbili za kweli mkobani zinamtosha. Anayerekodi harusi, kuanzia nikaha mpaka biharusi anapotolewa ukumbini usiku, huyo hesabu yake ni nyengine kabisa, kwa sababu video hula chaji mfululizo na hakuna wa kumsubiri abadilishe betri. Kila mmoja ana haki ya kuchagua kwa kazi yake. Hawezi kuchagua ikiwa nyinyi mmezichanganya zote katika droo moja na mnampa ile iliyotangulia mkononi.

Tuje kwenye hiyo mAh 2650. LP-E6 ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2008 pamoja na kamera ya EOS 5D Mark II, iliandikwa na Canon wenyewe mAh 1800. Ikaja LP-E6N yenye mAh 1865. Mwaka 2020, pamoja na kamera ya EOS R5, ikaja LP-E6NH yenye mAh 2130. Umbo ni lile lile, zote zinaingia katika tundu moja. Yaani kampuni inayotengeneza kamera ilitumia miaka 12 kuongeza mAh 330 ndani ya kopo la ukubwa ule ule. Halafu mnatuuzia kopo hilo hilo, kwa robo ya bei, tuamini lina mAh 520 zaidi ya hiyo iliyo bora?

Na lebo yenyewe inajikana. Imeandikwa 7.2V, 2650mAh, na chini yake kwa herufi ndogo 13.4Wh. Hesabu hii ni ya skuli: volti mara ampea-saa (mAh gawa kwa 1000) ndiyo Wh, kipimo cha nishati. 7.2 mara 2.65 ni 19.08, si 13.4. Ukigeuza, 13.4 gawa kwa 7.2, unapata kama mAh 1860. Lebo moja imebeba betri mbili, na ile ya uwongo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mwenye duka aliyeshika kikokotoo dakika moja angeliona.

Hatukutosheka na lebo, tukazipima. Tunaandika namna tulivyopima ili fundi wenu arudie. Betri ilitiwa chaji mpaka taa ya chaja ikawa kijani, ikaachwa nusu saa ipoe, kisha ikapimwa kwa mita ya kupimia volti baina ya chanya na hasi. Ndani mna seli mbili zilizofuatana, kila moja ikijaa hufika volti 4.2, kwa hivyo betri iliyojaa isome karibu na 8.4. Baada ya hapo ikafungwa kwenye kifaa cha kumwagia chaji kwa mkondo wa mA 500 usiobadilika, hadi volti zikashuka 6.0. Muda mara mkondo ndiyo mAh. Betri ya 2650 ingelichukua saa 5 na dakika 18. Iliyofanya vyema katika zile nne ilichukua saa 2 na dakika 50, yaani kama mAh 1400. Hiyo ni chini hata ya LP-E6 ya mwaka 2008. Lau lebo ingelisema 1400, na bei ikawa ya 1400, tusingeliandika barua hii.

Hizo mbili za "orijino" ndizo zilizotuuma zaidi. Betri za aina ya LP-E6 zina chipu inayozungumza na kamera, na kila betri ina nambari yake ya usajili. Ukiingia kwenye menyu ya kamera, sehemu ya taarifa za betri, unaiona nambari hiyo, unaona asilimia ya chaji na idadi ya picha, na unaona uwezo wa kushika chaji kwa vijisanduku vitatu: vitatu vya kijani betri nzima, viwili imepungua kidogo, kimoja chekundu nunua nyengine. Unaweza kusajili betri hadi sita ili ujue ipi ni ipi. Tukasajili ya kwanza. Tulipotia ya pili, kamera ikadai tayari inaijua. Nambari ni moja, tarakimu kwa tarakimu. Betri mbili zilizotoka kwa mtengenezaji wa kweli hazigawani nambari. Na kwenye kamera mpya zaidi, kioo kilituuliza kama betri ina nembo ya Canon. Nembo ipo, imechapwa vizuri kabisa. Chipu ndiyo iliyotoa siri. Bei tuliyolipa ni ya orijino.

Tofauti hii inaonekana kazini. EOS R5 ikiwa na LP-E6NH yenye chaji ya kutosha hupiga picha 12 kwa sekunde kwa shata ya kawaida. Ukiitia LP-E6 ya zamani kasi inashuka, na mpiga picha anaanza kuilaumu kamera. Kamera za R5 na R6 huchaji LP-E6N na LP-E6NH ndani ya kamera kwa waya wa USB-C, lakini LP-E6 ya mwanzo hazichaji, na mbadala nyingi pia hukataliwa. Kwa mtu wa Pemba aliyemo ndani ya boti, au aliyekatikiwa umeme Wete akabaki na pawabenki tu, hilo ndilo linaloamua kama kazi ya kesho ipo au haipo. Anastahili kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Kuna pia suala la asilimia. Chipu ya mbadala duni haipimi chaji iliyotumika, inakisia kwa volti. Kwa hivyo kioo kinasema 60, kamera inaanza kurekodi, volti zinazama kwa mzigo, na kamera inazima. Hapakuwa na asilimia 60 hata kidogo. Mteja akirudi dukani mnamwambia kamera yake ina matatizo. Tafadhali acheni kuwaambia watu hivyo kabla hamjajaribu betri nyengine katika kamera hiyo hiyo.

Tufike kwenye ile iliyovimba. Ni moja katika zile nne, imechajiwa mara tisa tu. Ilazeni juu ya kioo cha kaunta muione: haitulii, inayumba ukiigusa kwa kidole. Lebo imefanya makunyanzi pembeni, na mshono wa kopo umefunguka upana wa ukucha. Ndani yake ni gesi. Betri ya lithiamu ikizidishwa chaji, au ikichemka mara kwa mara, maji ya kemikali yaliyomo huvunjika na kutoa gesi, na kopo halina pa kuitolea. Betri orijino, na mbadala iliyotengenezwa kwa uaminifu, zina saketi ya ulinzi inayokata umeme chaji inapozidi, inapopungua mno, au shaba zinapogusana, pamoja na kihisi joto kinachomwambia chaja asimamishe. Tukiangalia ilivyovimba mapema namna hii, hatuna imani kwamba hii imewekewa saketi inayofanya kazi. Na chaja ya matundu mawili mnayowauzia watu pamoja nayo huwa moto kiasi cha kushindwa kuishika.

Ilikwama ndani ya kamera. Kwa faida ya fundi wenu: betri iliyokwama haichokolewi kwa kisu wala bisibisi, kwani ukiitoboa inaweza kuwaka. Gandisha utepe mpana wa kitambaa kwenye kitako chake, kunja ncha iwe mshiko, vuta taratibu kwa mstari ulionyooka. Ikikataa, kamera inafunguliwa na anayejua. Usiichaji tena kamwe, hata ikionekana imepoa na kunywea.

Si mbadala tu zinazoharibika mikononi mwenu. Mmezipanga betri kwenye dirisha la kioo linalopigwa na jua la mchana. Canon wanataka betri zao zichajiwe katika joto la baina ya nyuzi 5 na 40, na dirisha lile wakati wa Kaskazi linapita hapo bila ya shaka. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika, na joto pamoja na kukaa imejaa ndiyo huizeesha haraka. Zinazongojea mnunuzi zikae kivulini, mahala pakavu, na chaji kama nusu. Zilizokaa miaka nazo hushuka chaji zenyewe mpaka saketi ya ulinzi ikazifunga. Mteja anaitia kwenye chaja, taa inapepesa mbio mbio, haichaji. Hiyo si "betri mpya inayohitaji kuamshwa" kama anavyosema kijana wenu wa Chake. Hiyo imekufa rafuni.

Halafu vifuniko. LP-E6 orijino huja na kifuniko cha plastiki chenye tundu: ukikivika upande mmoja rangi ya buluu inaonekana, ukikigeuza haionekani, na wapiga picha wengi hujua kwa hapo ipi imejaa. Kazi yake kubwa ni kuzuia shaba zisigusane na chuma. Nyinyi mnavitoa ili zipangike vizuri, kisha mnazipeleka Pemba ndani ya mfuko mmoja, shaba wazi. Sheria za ndege zinataka betri za akiba ziwe kwenye mzigo wa mkononi, si tumboni mwa ndege, na shaba zake zikingwe. Betri za kamera hizi ziko mbali na kikomo cha Wh 100, hivyo hakuna ruhusa maalumu inayohitajika, ni kuzifunika tu.

Kwa haki, tuseme na lile ambalo wateja wanakulaumuni bila ya sababu. Betri moja kuandikwa 7.2V na nyengine 7.4V si kasoro. Zote ni seli mbili zile zile, na zote hujaa kwa 8.4. Na mbadala kutokuonesha taarifa zote kwenye menyu ya kamera si lazima iwe mbovu. Waelezeni watu hivyo mnapouza, na watakuelewani.

Tunataka yafuatayo. Turejesheeni fedha za betri zote sita, na gharama ya kufungua kamera iliyokwamwa na betri, risiti ya fundi imo ndani ya bahasha. Ziondosheni betri zote zenye lebo ya mAh 2650 katika maduka yote mawili, si kuzibandika lebo mpya. Tengeni droo mbili, na risiti iandike jina la mtengenezaji, aina, na neno orijino au mbadala. Wekeni mita ya kupimia volti kaunta na kamera moja ya kujaribia, ili mnunuzi wa orijino asome nambari ya usajili mwenyewe kabla ya kulipa. Tuambieni pia mzigo wa hizo "orijino" mliupata kwa nani, maana kama nanyi mmeuziwa feki, mna haki zenu za kudai huko. Na wekeni ndoo ya mchanga yenye mfuniko ya kupokelea betri zilizokufa na zilizovimba, kwa sababu hivi sasa watu wanazitupa jaani pamoja na taka za jikoni.

Tunakupeni siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila ya jibu la maandishi, tutapeleka malalamiko haya pamoja na vipimo vyetu Taasisi ya Viwango Zanzibar na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Fundi wenu akitaka kupima pamoja nasi kabla ya hapo, tutakuja na vifaa vyetu siku yoyote baada ya sala ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa na Jumamosi, ambazo ni siku zetu za harusi.

Wenu katika kazi,

Wapiga picha wa harusi na utalii, Unguja na Pemba

Viambatanisho: betri sita, nakala ya risiti yenu, risiti ya fundi, karatasi ya vipimo, picha mbili za menyu ya kamera zinazoonesha nambari ya usajili.